Mrejesho: mwendo wa wimbo wa 6/8 katika MuseScore

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini MuseScore (programu ya kuandika na kupiga muziki) iliukimbiza wimbo wa kwaya yetu wa 6/8 (noti sita za nusu robo katika kila kipimo) ilhali juu ya mstari wa kwanza nilikuwa nimeandika robo yenye nukta = 54, yaani noti 54 za robo yenye nukta (urefu wa robo moja na nusu) kwa dakika. Kosa lilikuwa langu: nilitumia maandishi ya kawaida, ambayo programu huyaonyesha tu bila kuyatii, hivyo ikabaki na mwendo wake wa msingi, robo 120 kwa dakika, ambao katika 6/8 ni sawa na robo yenye nukta 80. Nimeyafuta, nikachagua noti ya kwanza, nikabonyeza Alt+Shift+T, inayoweka alama ya mwendo ambayo programu huitii, na kuandika robo yenye nukta = 54, kwani robo tupu = 54 (nilijaribu!) iliuburuza wimbo hadi robo yenye nukta 36. Sasa sauti ya pili wanapata pa kuvuta pumzi.