Furukombe wa Gombe: kwenye boti au ufukweni?

Mwana_Ujiji: Wakuu, mwezi ujao naenda likizo Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika. Sokwe wana watu wao, mimi nawataka ndege wawindaji, hasa furukombe. Lenzi yangu ni milimita 300. Nipigie picha kwenye boti au ufukweni?

Mzee_Kibirizi: Asubuhi kaa ufukweni, mwanangu. Ziwa liko magharibi, kwa hiyo jua likishavuka milima linakuwa mgongoni kwako. Jioni geuza: panda boti, elekeza kamera nchi kavu. Tafuta mti mkavu ulioinamia maji. Furukombe akirusha kichwa nyuma akalia, sikiliza, mara nyingi mwenzake yuko jirani na atamjibu. Kasi ya shata (muda kamera inavyofunguka) weka sekunde 1/2000, boti zetu unazijua zinavyoyumba. Kichwa kile cheupe kinaungua upesi pichani, kikabaki doa jeupe tu, kwa hiyo punguza mwanga wa kamera kidogo. Na mtu akikwambia umrushie samaki ili ashuke, mkatalie. Hiyo si picha, ni sarakasi.

Mama_Chikichi: Msimsahau tai anayekula chikichi! Wengi humdhani furukombe. Furukombe ana tumbo la kahawia na mkia mweupe mtupu. Huyu tumbo ni jeupe, mkia mweusi wenye ncha nyeupe, na ngozi nyekundu kuzunguka macho. Samaki na kaa pia anakula, ndiyo maana utamkuta hata ufukweni.

Mwana_Ujiji: Shikamoo mzee, nimekupata. Mama, michikichi ipo nyuma ya nyumba yetu. Nitaanzia hapo kabla sijalipa nauli ya boti.