Ganzi ya miguu baada ya baipasi ya tumbo: je, vidonge vya chuma vinatosha?

Mama wa Kampemba:

Ninawasalimu wote. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa baipasi ya tumbo nchini India, na uzito umepungua kama nilivyotarajia. Vidonge vya vitamini nilivyorudi navyo Lubumbashi vimekwisha, na maduka ya dawa niliyoyapitia hayana vya aina ile. Tangu mvua zilipoanza ninachoka upesi, nywele zinanyonyoka, vidole vya miguu vinashikwa na ganzi, tena ninatamani kutafuna pemba, ule udongo wa kuliwa, hamu ambayo sikuwa nayo hata nilipokuwa mjamzito. Kwenye kituo cha afya walinipima, wakasema damu imepungua, wakanipa vidonge vya chuma na asidi foliki, vilevile wanavyopewa wajawazito. Shemeji yangu anashikilia kwamba sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha) na finkubala (viwavi vya kuliwa) vina kila kitu. Je, vidonge hivi pamoja na chakula chetu vinatosha?

Papa wa Katuba:

Mama, pole. Mimi ninaona shemeji ana haki. Wazee wetu hawakumeza vitamini na walilima hadi uzeeni. Kula finkubala na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, kwa wingi, punguza bukari (ugali), nguvu zitarudi.

Muuguzi, Kamalondo:

Papa, kwa heshima zote, wazee hao walikuwa na tumbo zima. Mtu aliyefanyiwa baipasi amebakiwa na kifuko kidogo cha tumbo, na chakula chake kinaruka duodeni na mwanzo wa utumbo mwembamba, yaani mahali hasa ambapo mwili hufyonza sehemu kubwa ya chuma na kalsiamu. Finkubala ni chakula bora, na kwa protini ninamshauri Mama aendelee nazo, lakini chuma kilichomo kinapita mbele ya mlango uliofungwa. Isitoshe, asidi ya tumbo, ambayo huandaa chuma cha mboga ili kiweze kufyonzwa, imepungua sana.

Sasa nije kwenye ganzi, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko nywele na uchovu. Vitamini B12 haifyonzwi vizuri mpaka ishikane na protini maalumu inayotolewa na ukuta wa tumbo, kisha vifike pamoja mwisho wa utumbo mwembamba. Baada ya baipasi chakula hakikutani na protini hiyo ipasavyo. Ini huwa na akiba ya B12 inayoweza kudumu miaka kadhaa, na ndiyo maana mgonjwa hujiona mzima kwa muda mrefu, kisha mishipa ya fahamu ikaanza kudhurika polepole akiwa amekwishasahau habari za upasuaji. Hapa ndipo vidonge ulivyopewa vinaponisumbua, Mama: asidi foliki inaweza kurekebisha sura ya damu, kipimo kikaonekana kizuri, huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu mishipa bila mtu kuutambua. Sisemi uviache, kwa kuwa chuma unakihitaji. Ninasema visiwe peke yake.

Nenda kwa daktari ukiwa na karatasi za upasuaji, uombe kupimwa B12. Ikiwa majibu yatachelewa, mwulize kama anaweza kuanza sindano mara tu damu itakapochukuliwa, maana ganzi ikikaa muda mrefu inaweza isiondoke tena. Baadaye wengi hudumishwa kwa sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi, au kwa vidonge vya mikrogramu 350 hadi 1000 kila siku, kwa sababu dozi kubwa hupenya kidogo hata bila ile protini. Matibabu haya ni ya maisha yote.

Mfanyakazi wa maabara, Ruashi:

Ninaongeza upande wa vipimo. Kuambiwa tu kwamba damu imepungua hakuonyeshi sababu. Hapa kwetu kuna malaria, kuna minyoo ya safura inayonyonya damu, kuna pia wanaoishi na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa hiyo upasuaji usibebeshwe lawama yote kabla ya kuangalia. Omba feritini, inayoonyesha akiba ya chuma, lakini usipimwe ukiwa na homa, kwa sababu feritini hupanda mwili unapopambana na maambukizi, na akiba iliyokwisha ikaonekana kama ipo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtu mzima mwenye afya ana upungufu akiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita, ila mwenye maambukizi huhesabiwa hivyo akiwa chini ya 70.

Hamu ya pemba nayo ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma. Ubaya wake ni kwamba udongo huo hukamata chuma tumboni na kukizuia kufyonzwa, basi anayeutafuna anazidisha kile kinachomfanya autamani.

Dada wa Bel-Air:

Mimi tumbo langu lilikatwa likaachwa kama mrija, bila kugeuza njia ya utumbo, lakini vidonge nilipewa karibu vilevile. Daktari wangu alinipangia chuma asubuhi na maji ya limau, kalsiamu mchana na usiku, kwa kuwa vikikutana vinazuiana. Viachane angalau saa mbili. Chai pia isikaribie chuma. Kalsiamu ya sitrati inafaa kuliko ya kaboneti kwa mwenye asidi ndogo tumboni, ingawa ni ghali na huadimika, na haifai kumeza zaidi ya miligramu 600 kwa mara moja kwa sababu ziada haifyonzwi. Jumla ya siku ni kati ya 1200 na 1500, pamoja na vitamini D.

Kuhusu nywele, usikimbilie kununua zinki peke yake kama wanavyoshauriana wanawake saluni. Zinki nyingi hushusha shaba mwilini, na upungufu wa shaba huleta ganzi inayofanana kabisa na ile ya B12.

Mama wa Kampemba:

Asanteni sana, Muuguzi hasa. Wiki hii nitakwenda hospitali na karatasi zangu. Swali la mwisho: mume wangu na mimi tunatamani mtoto mwingine. Je, hali hii inazuia?

Muuguzi, Kamalondo:

Haizuii, Mama. Kwa kawaida hushauriwa kungoja miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na wewe umekwisha kuipita, lakini rekebisha kwanza chuma, B12 na foliki, ndipo mshike mimba. Ukichagua vitamini mchanganyiko, soma kibandiko: vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi yuniti 10 000 kwa siku inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ilhali ile ya beta-karotini, iliyomo pia katika mawese, haina hatari hiyo.

Halafu kichefuchefu cha mimba kwako si jambo la kuvumilia nyumbani. Akiba ya vitamini B1 hudumu wiki chache tu, na anayetapika mfululizo baada ya upasuaji kama wako anaweza kuishiwa, akaanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili na kuchanganyikiwa. Ukifika hospitali katika hali ya kutapika, waambie kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi kwamba ulifanyiwa baipasi, ili wakupe B1 kwanza, kwa kuwa glukosi humaliza kile kidogo kilichobaki. Mwambie na mume wako, aweze kukusemea kama wewe utakuwa huwezi.