Gumzo la Ukoo: Sanduku la Mama Mkubwa la Safari ya Kerala

Mama Mkubwa: Hamjambo nyote. Viza zetu zimetoka, na kituo cha Ayurveda, ile tiba ya jadi ya India, kimetuthibitishia nafasi katika mwezi wa mvua wanaouita Karkidakam, ambao kwa kalenda ya Kerala, huko kusini mwa India, huanza katikati ya Julai na kuishia katikati ya Agosti. Nimelifungua sanduku tangu asubuhi, na limejaa kabla sijaweka hata kiatu. Naomba mnisaidie kuamua kipi kiende na kipi kibaki, kwa sababu kila ninachokishika nakiona cha lazima.

Mimi: Shikamoo, Mama Mkubwa. Hongera kwa viza. Je, kituo hakikukutumia orodha ya vitu vya kubeba?

Mama Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Walituma, lakini wameandika tu "nguo nyepesi na dawa zako za kawaida", nami sijui wepesi wao una kipimo gani.

Bibi: Mnakwendaje kutibiwa wakati wa mvua? Si mtaumwa kifua?

Mama Mdogo: Shikamoo, mama. Waganga wa Ayurveda wa Kerala huupenda msimu huo kwa makusudi. Wanaamini kwamba ubaridi na unyevu huulainisha mwili, ukapokea mafuta na mvuke vizuri kuliko wakati wa joto kali. Kwa upande wa mizigo, dada, maana yake ni moja: nguo hazikauki upesi. Jinsi na sweta nene ukizifua Jumatatu utazivaa Alhamisi zikiwa na harufu ya ukungu. Chukua pamba nyembamba, mwavuli badala ya koti la mvua linalokupikia jasho ndani, na viatu vya wazi vya mpira visivyoteleza, kwa sababu utakuwa ukitembea na nyayo zenye mafuta.

Mama Mkubwa: Nimeweka magauni mawili meupe kwa ajili ya mazoezi ya yoga, kwa kuwa kwenye picha za kituo wote wamevaa nyeupe.

Mama Mdogo: Hao wa kwenye picha hawajapakwa mafuta bado. Yatoe, dada. Tiba ya msingi huko ni abhyanga, yaani kukandwa mwili mzima kwa mafuta ya uvuguvugu, mara nyingi ya ufuta yaliyochemshwa pamoja na mitishamba. Hata baada ya kuoga, mafuta huendelea kutoka kwenye ngozi na nywele kwa saa nyingi, yakahamia kwenye kola, kwenye sidiria na kwenye mto wa kulalia. Kuna siku watakukanda kwa vifurushi vya kitambaa vilivyojaa majani na unga wa dawa, na vingine huwa na manjano, ambayo hayatoki kwenye kitambaa cheupe hata umwite dobi wa mfalme. Chagua nguo kuukuu, za rangi ya giza, pana, na zenye vifungo mbele, ili usilazimike kuvua gauni kwa kulipitisha juu ya kichwa kinachochuruzika mafuta. Kanga mbili zilizochakaa zitakufaa kuliko gauni lolote.

Binamu: Shikamooni. Mimi ndiye ninayemsindikiza mama. Je, tubebe taulo zetu na mikeka ya yoga?

Mama Mdogo: Marahaba. Waandikieni muwaulize, kwa kuwa vituo vingi hutoa taulo, mikeka na kile kitambaa chembamba cha kujifunga wakati wa kukandwa. Sabuni nayo msihangaike nayo, kwani mara nyingi hupewa unga wa choroko wa kuondolea mafuta mwilini, nao hufanya kazi vizuri kuliko sabuni zetu zenye manukato. Marashi yaacheni kabisa. Ukishajazwa harufu ya mitishamba, marashi ya mwenzako hukupa kichefuchefu.

Mimi: Mama Mkubwa, vipi nywele? Nakumbuka ulikuwa umesuka kwa rasta.

Mama Mkubwa: Bado nimesuka, tena nimelipia vizuri.

Mimi: Ningekushauri ufumue kabla ya kuondoka. Katika shirodhara mtu hulala chali na mafuta yakamiminwa kwa mkondo mwembamba juu ya paji la uso kwa nusu saa au zaidi, yakitiririkia nyuma hadi kwenye mizizi ya nywele. Ndani ya rasta mafuta hayo hayatatoka kwa kuoshwa mara moja, na kwa hali ya hewa ya mvua kichwa kitabaki kibichi. Beba pia kitambaa cha pamba cha kufunga kichwa na masikio, kwa sababu baada ya tiba hutakiwi kupigwa na upepo wala jua. Na kwa kuwa huvaa lenzi machoni, chukua miwani yako, maana uso wote utakuwa na mafuta.

Mjomba: Nimesoma haya yote nikiwa safarini. Nguo mtazimaliza wenyewe. Mimi nazungumzia karatasi, kwa sababu msafiri asiye na gauni hununua jingine, lakini asiye na cheti hurudishwa au huwekwa kando. India hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila anayetoka, au aliyepitia hivi karibuni, katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo huhesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Waliochanjwa zamani wasiogope, kwa kuwa tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Dada, chako kiko wapi?

Mama Mkubwa: Kipo ndani ya pasipoti, kile cha manjano.

Mjomba: Vizuri, na kisiende kwenye sanduku kubwa. Viza mliyopewa ni ipi?

Binamu: Ni ile ya Ayush, Mjomba, na yangu ni ya msindikizaji wa mgonjwa.

Mjomba: Hiyo ndiyo sahihi. Waliianzisha mwaka 2023 kwa wageni wanaokwenda kupata tiba za jadi za India. Chapisheni barua ya kituo inayoonyesha jina la tiba na tarehe, kwa sababu afisa wa mpakani ataitaka wakati ambao simu imekwisha chaji. Betri ya akiba ya simu ibebwe mkononi, kwani hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege. Umeme wao ni volti 230 na soketi nyingi ni za matundu matatu ya mviringo, hivyo nunueni adapta kabla ya safari. Na wewe mpwa wangu unayemsindikiza mama, kile kisigara chako cha umeme kibaki nyumbani.

Binamu: Mjomba, nitakivutia nje ya kituo, wala sitamsumbua mtu.

Mjomba: Si suala la kusumbua mtu. India ilipiga marufuku sigara za umeme kwa sheria ya mwaka 2019, na marufuku hiyo inagusa hata kuziingiza nchini. Sitaki kusikia mama yako ameanza tiba ya utulivu akiwa kwenye benchi la forodha.

Binamu: Nimeelewa. Kitabaki.

Kaka: Shikamooni wazee wangu. Nilikuwa zamu kwenye duka la dawa, ndiyo maana nimechelewa. Naomba tuliache sanduku kidogo tuzungumzie mkoba wa dawa, kwa kuwa mimi ningekubali Mama Mkubwa aende na gauni moja kuliko aende na mkoba huo ukiwa na upungufu. Mama Mkubwa, unatumia vidonge gani kwa sasa?

Mama Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Natumia glibenklamidi kwa ajili ya sukari, na kidonge kimoja cha presha ambacho ndani yake kina dawa ya kukojoza. Lakini rafiki yangu aliyewahi kwenda aliniambia kwamba huko mtu huacha dawa zote ili mwili usafishwe, kwa hiyo sikufikiria kubeba nyingi.

Kaka: Hapana, Mama Mkubwa, na hapa naomba uniwie radhi nikisema kwa mkazo. Hakuna dawa ya hospitali utakayoiacha kwa sababu ya tiba hii bila daktari wako anayekutibu kukubali. Ubebe za kutosha safari nzima na akiba ya wiki moja juu yake, zikiwa kwenye pakiti zake za asili, pamoja na cheti cha daktari kilichoandikwa majina halisi ya dawa na si majina ya biashara, ambayo hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Zigawanye mikoba miwili, na sehemu kubwa iwe mkononi.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Tiba ya panchakarma, yaani ile ya Ayurveda ya kusafisha mwili, ina hatua ya kukuharisha kwa makusudi, wanayoiita virechana, na kabla yake chakula huwa chepesi sana, pengine uji wa mchele tu. Glibenklamidi huishusha sukari hata usipokula, na dawa ya kukojoza hukupunguzia maji wakati ambao tumbo nalo linakumwaga. Mtu mwenye dawa hizo mbili akifanyiwa hayo bila kurekebishiwa dozi anaweza kuzimia. Kwa hiyo kabla ya kufunga zipu, nenda kwa daktari wako na maelezo ya tiba yote, akuandikie ni dozi gani utumie siku za uji na siku ya kuharisha, au akuambie wazi kwamba hatua hiyo uiruke. Beba kipima sukari na vijiti vyake, kipima presha, pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji, na peremende au glukosi ya kuweka mfukoni.

Mjomba: Sasa hapo ndipo mimi huwa nawatilia shaka hawa watu wa tiba za jadi.

Kaka: Mjomba, daktari mzuri wa Ayurveda atayauliza haya yote mwenyewe siku ya kwanza. Nchini India mwenye shahada ya udaktari wa Ayurveda, iitwayo BAMS, husoma miaka 5 na nusu, ukiwemo mwaka wa mafunzo kwa vitendo. Shida huwa kwa mgonjwa anayefika mikono mitupu na kusema "nina presha kidogo". Ndiyo maana nataka karatasi ziwe mkobani.

Mama Mdogo: Niongeze hapo, mwanangu. Hatua ya mwanzo kabisa huwa ni kunywa samli yenye dawa alfajiri, na kiasi chake huongezwa siku hadi siku. Dada, wewe si uliwahi kuambiwa una mawe kwenye kibofu cha nyongo?

Mama Mkubwa: Niliambiwa, ndiyo. Hayajanisumbua tena.

Kaka: Basi jibu la ultrasaundi hiyo liende pia, Mama Mkubwa. Mafuta mengi yanayonywewa kwa mkupuo hukifanya kibofu cha nyongo kijikaze, na jiwe likihama wakati huo utapata maumivu makali. Daktari wa kituo akiona karatasi atachagua njia nyingine, kwa mfano mafuta ya kupaka peke yake.

Mama Mkubwa: Mwanangu, sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nilikuwa nahesabu magauni. Je, kahawa yangu naweza kuibeba? Siwezi kuamka bila kikombe.

Mama Mdogo: Huko hutaipata na hutaruhusiwa, kwa hiyo iache. Lakini anza kupunguza kikombe kimoja kimoja kuanzia sasa, kwa sababu ukiikatisha ghafla siku ya kufika, kichwa kitakuuma siku mbili tatu nawe utadhani ni mafuta yamekudhuru.

Mimi: Dawa ya kufukuza mbu je? Naona watu wengi husema wasibebe kitu chochote chenye kemikali.

Kaka: Ibebe. Kerala ina homa ya dengi, na msimu wa mvua ndio msimu wa mbu wake. Ipakwe baada ya kuoga na kukausha ngozi, na daktari wa kituo aambiwe.

Bibi: Na mniletee mafuta ya magoti.

Mama Mkubwa: Nitakuletea, mama. Nimeacha nafasi upande mmoja wa sanduku kwa ajili ya dawa za kuja nazo.

Kaka: Mafuta ya kupaka sawa, Bibi, yakiwa yamefungwa na kiwanda na yana maandishi yanayosomeka. Chupa zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na ziwekwe kwenye sanduku kubwa, kwani mkononi hawaruhusu chombo cha zaidi ya mililita 100. Vidonge na unga wa kumeza ndivyo nisivyotaka vijaze nafasi hiyo. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwa intaneti, wakakuta karibu moja kati ya kila tano ina madini ya risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa za jadi za huko hutengenezwa kwa madini makusudi. Lolote utakalopewa la kumeza nyumbani, nipigie picha ya karatasi yake kwanza.

Mama Mdogo: Mkishafika nyumbani, nguo na taulo zenye mafuta zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni nyingi, kisha zianikwe kwenye kamba. Msizipitishe kwenye mashine ya kukaushia na kuzirundika zikiwa na joto. Mafuta ya mimea yakikutana na hewa hutoa joto lake yenyewe, na rundo la taulo za namna hiyo linaweza kushika moto bila kiberiti.

Mjomba: Hilo nalisikia leo.

Mama Mkubwa: Ndugu zangu, nimetoa magauni meupe, jinsi, marashi, kahawa na viatu vya ngozi, na sanduku sasa linafungika kwa mkono mmoja. Rasta nitazifumua Jumamosi. Miadi ya daktari nimeiomba kesho asubuhi. Mwanangu mfamasia, niandikie hapa maswali ya kumwuliza kuhusu sukari na samli, ili nisiyasahau nikiwa mbele yake. Binamu yenu anatoa nakala za ultrasaundi na vyeti vya dawa, moja ya kwangu na nyingine akae nayo yeye.

Kaka: Nayaandika sasa hivi, Mama Mkubwa. Mwulize pia kama kile kidonge cha kukojoza kisimamishwe siku ya kuharisha na kirudishwe lini, na akuandikie jibu kwa mkono wake, pamoja na namba ambayo daktari wa Kerala anaweza kumpigia.