Mipilipili imejaa maua, pilipili sizioni. Nakosea wapi?

UrojoWaJioni (Jambiani)

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Mie nauza urojo na kachori jioni hapa nje kwangu, na anayeijua biashara hii anajua kuwa urojo bila pilipili mbuzi ni uji wa embe tu. Ramadhani iliyopita nilinunua fungu la pilipili nne kwa bei ambayo hata mume wangu sikumwambia. Nikaapa kuwa safari hii nalima zangu.

Sasa uani kwangu ni jiwe tupu, si mnaujua uwanda wa huku kusini Unguja, ukipiga jembe linatoa cheche. Nikatafuta mapolo matano, yale magunia matupu ya mchele, nikaagiza udongo mwekundu kutoka mashamba ya kati, nikachanganya na mbolea ya kuku nusu kwa nusu maana niliambiwa pilipili inapenda mbolea. Juu nikafunika kwa mwani unaotupwa na maji ufukweni ili udongo usikauke. Mbegu nilizikamua kwenye pilipili alizoniletea mama kutoka Wete, Pemba, zile za njano zenye mabonde mabonde, ukiipasua moja nyumba nzima inapiga chafya.

Nilisia mwanzo wa Oktoba, siku ya 12 zikachomoza, mwisho wa Novemba nikaatika. Leo tunamaliza Januari. Miti imenifika kiunoni, kijani chake mpaka kinaelekea weusi, na maua ni mengi. Lakini kila asubuhi nayakuta chini. Kikonyo kimeachia palepale kwenye kifundo, safi, utadhani mtu amepita na wembe. Majani ya chini yameungua kingo. Na miti miwili majani yake machanga kule juu yamejikunja.

Namwagilia asubuhi na jioni, maji ya kisima. Jirani kaniambia hilo ni jicho, nifunge kitambaa chekundu. Nimefunga. Maua bado yanaanguka.

MpembaHalisi

Mbegu za Wete zimeamka zimejikuta Jambiani, unategemea zicheke? Zirudishe kwao.

FundiKazi (Dar)

Dada, hao ni wadudu. Nunua dawa kali pale duka la pembejeo, piga kila wiki bila kukosa. Halafu kama una hoho karibu zing'oe, zinafyonza ukali wa mbuzi. Utavuna pilipili tamu kama karoti.

Pakacha (Bububu)

FundiKazi, kwanza tuelewane lugha. Hoho kwetu huku ni kali, hiyo yako ya kutia kwenye saladi sisi tunaiita pilipili boga. Pili, hilo la kufyonza ukali nimelisikia tangu mdogo na si kweli. Nyuki akitoka kwenye boga akaenda kwenye mbuzi, pilipili utakayoichuma mwaka huu ni mbuzi vilevile, kwa sababu nyama ya tunda ni ya mama yake. Kinachochanganyika ni mbegu iliyo ndani. Ukiipanda hiyo mbegu ndipo unapata vioja. Kwa hiyo anayekamua mbegu zake mwenyewe atenge mti mmoja mbali na wenzake, au avishe maua machache kitambaa chepesi cha chandarua mpaka yatunge.

Na dawa kali kila wiki kwenye kitu unachokila mbichi, uani, watoto wanacheza hapo? Haya bwana.

BwanaShambaMstaafu

Mwanangu wa Jambiani, umeeleza vizuri, kuliko wakulima wengi niliowahi kuwatembelea. Tatizo lako si moja. Yako matatu na yamekuja pamoja.

La kwanza ni hiyo nusu kwa nusu. Mbolea ya kuku ni kali kuliko ya ng'ombe, ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni kazi yake ni majani. Mti ulioshiba hivyo hauna haja ya kuzaa, unajenga mwili tu. Huo weusi unaousifu ndio ushahidi. Ingekutosha sehemu moja ya mbolea iliyooza kwa sehemu nne au tano za udongo. Sasa hivi usiongeze kitu chochote, isipokuwa jivu la kuni kidogo, kiganja kimoja kwa polo, basi. Jivu lina potashi, chakula cha matunda, lakini likizidi nalo linatia udongo magadi.

La pili ni msimu. Tuko katikati ya Kaskazi, joto la mchana kali na usiku haupoi. Pilipili mbuzi ni mtu wa joto, lakini ua lake lina mpaka: joto likipita nyuzi 32 hivi, na usiku ukawa wa kuvuja jasho, chavua inadhoofika na ua linaanguka. Hapo hukukosea kitu. Wengi hung'oa miti yao Februari, wakati ikisubiriwa mpaka Masika yaingie na joto livunjike ingezaa mpaka wakachoka kuchuma. Mpilipili si mchicha, ukitunzwa unaishi zaidi ya mwaka.

La tatu ndilo ninalotaka kukuuliza. Hayo majani machanga yamejikunja kwenda juu, kama mtumbwi, au kwenda chini, kama ngalawa iliyopinduliwa ipakwe rangi? Geuza jani uniambie upande wa chini una rangi gani.

ShangaziWaMwani (Paje)

Shoga, huo mwani uliuosha?

UrojoWaJioni

Shangazi, kuuosha kwani ni wa kupika?

Baba, nimetoka kuangalia sasa hivi kwa tochi ya simu. Yamepinduka kwenda chini, membamba, magumu. Kwa chini yana rangi ya kahawia inayong'aa kama shaba. Mdudu simuoni hata mmoja.

ShangaziWaMwani (Paje)

Nilijua. Mie nafunga mwani tangu kamba zile za mwanzo, na bustani yangu naifunika kwa mwani uliokatika, lakini naulaza kwenye chandarua nje mvua iupige, au nauosha mara tatu kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndipo nautandaza. Wewe umechukua chumvi ya bahari ukaiweka kwenye shingo ya mti, na kila ukimwagilia inashuka kwenye mizizi. Na maji ya kisima chenu kiangazi hiki yakoje? Yaonje. Hizo kingo zilizoungua ni chumvi. Pilipili si mnazi.

Utoe wote leo. Halafu utafute maji ya mvua au ya bomba, madumu mawili kwa kila polo, umimine taratibu mpaka yatoke chini. Mapolo uliyatoboa?

UrojoWaJioni

Niliyatoboa. Matundu manne manne kwa msumari wa moto.

ShangaziWaMwani (Paje)

Alhamdulillah, hapo umetusaidia. Ukishamaliza funika kwa makumbi ya nazi yaliyokaa mvuani, au nyasi kavu.

BwanaShambaMstaafu

Kwenda chini, shaba kwa chini, mdudu haonekani: huo ni utitiri. Ni wadogo mno, bila kioo cha kukuzia huwaoni, na wanakaa kwenye vile vichomozi vya juu kabisa. Ingekuwa thripi, vile vidudu vyembamba vinavyofyonza majani, jani lingekunjika kwenda juu. Ingekuwa virusi vinavyoletwa na nzi weupe ungeona manjano yenye mabaka na mti kudumaa, na hapo ningekwambia ng'oa uchome moto.

Ndugu wa Dar usiudhike, lakini dawa kali ya wadudu hapa inaharibu. Nyingi haziui utitiri, zinawaua wale wadudu wenzetu wanaoula, na baada ya wiki mbili utitiri unarudi maradufu.

Fanya hivi. Kata vichomozi vyote vilivyojikunja kwenye miti ile miwili, vitie kwenye mfuko, ufunge, usivitupe hapo uani. Osha mikono na kisu kabla hujagusa miti mizima. Kisha tafuta salfa ya unga inayochanganyika na maji, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye pakiti, usipandishe. Piga jua likishatua, upande wa chini wa majani, rudia baada ya siku saba au kumi. Usipige mchana wa Kaskazi, salfa na jua kali vitaunguza majani yaliyobaki. Na kama umeshapaka mafuta ya mwarobaini, subiri wiki mbili ndipo utumie salfa. Vikikutana vinaunguza mti.

BiKidude_wa_Jikoni

Mie nna la jikoni tu. Mkimaliza kusaga hizo mbuzi msioshe mikono kwa maji, maji hayafanyi kitu. Pakaa mafuta ya kula kwanza, sugua, ndipo sabuni. Mimi nilisaga, nikanawa maji, nikaenda kumfungua kanga mjukuu wangu nimuogeshe. Mtoto alilia mpaka majirani wakaja kugonga. Na aliyewashwa mdomoni apewe mtindi, si maji.

Tena ule ukali hauko kwenye mbegu kama watu wanavyodhani, uko kwenye ule utando mweupe wa ndani uliozishika mbegu. Anayetaka harufu bila moto aukwangue.

MpembaHalisi

Kumbe ndiyo maana kuku wangu wanakula pilipili kama mtama, nikidhani wamerogwa.

Pakacha (Bububu)

Kuku na ndege wote ukali ule hawausikii kabisa. Hii pilipili kichaa inayojiotea kwenye kuta za watu nani unafikiri anaipanda? Ndege shore. Anakula huku, anakwenda kuinyea kule. Kwa hiyo dada wa Jambiani, siku zikiiva, jicho la kuogopa ni la kuku wako.

UrojoWaJioni

Mrejesho, wiki ya tano tangu niandike.

Mwani nimeutoa wote. Maji ya kisima nimeyaonja kama nilivyoambiwa na kweli yana ukakasi wa chumvi, sikuwahi kuutilia maanani kwa kuwa tunafulia tu. Sasa namwagilia maji ya bomba yakitoka, mara moja kwa siku, asubuhi. Mume wangu kaniuliza kama mipilipili ndiyo inayosomeshwa siku hizi.

Salfa nimepiga mara mbili. Mti mmoja kati ya ile miwili umekufa, mwengine umetoa vichomozi vipya, vimenyooka. Maua bado yanaanguka lakini si kama mwanzo. Polo la kwanza lina pilipili mbili. La pili tatu. La nne, lile lililougua, halina kitu.

Linalonishangaza ni polo la tatu. Udongo uleule, mbolea ileile, maji yaleyale, na lina kumi na moja, nimezihesabu mara mbili, moja imeanza kugeuka njano. Kitambaa chekundu nimekifunga polo la kwanza, si hilo. Sijui lina siri gani.

BwanaShambaMstaafu

Umeliweka wapi?

UrojoWaJioni

Pale kwenye kona, chini ya mti wa mkungu. Halikuwa na nafasi kwengine.

BwanaShambaMstaafu

Jua la asubuhi linalipata?

UrojoWaJioni

Linalipata mpaka kama saa tano. Baada ya hapo kivuli.

ShangaziWaMwani (Paje)

Shoga, yasogeze na hayo mengine.