Naomba ushauri: kobe mzee kahamia kwangu, kula kunamshinda

Habari zenu ndugu, naombeni msaada hasa kwa mnaofuga kobe wa nchi kavu. Nimeachiwa kobe wa marehemu mjomba, ana zaidi ya miaka 40, na tangu aje hajatulia kabisa, asubuhi anafuata ukuta anasukuma kona ileile kwa kichwa kama anatafuta njia ya kurudi kwao, jua likikolea anajichimbia chini ya kichaka hatoki tena.

Kinachoniumiza zaidi ni kula. Nampa nyasi mbichi, majani na maua ya hibiskasi, ananusa, anang'ata kidogo anaacha. Matunda simpi maana sukari inawavuruga tumbo. Namloweka kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni, hapo anakunywa na kukojoa vizuri nashukuru. Pua kavu, macho hayajavimba, jua analipata na kivuli kipo. Ila nilivyomchungulia kwa karibu nikaona mdomo wa juu umerefuka umepinda kama wa kasuku, jani likiwa gumu linamponyoka.

Sasa swali langu, huu ni ugeni tu ambao utaisha baada ya wiki kadhaa au huo mdomo ndo unamzuia nimpeleke kwa daktari wa mifugo aupunguze? Mimi mwenyewe kuukata siwezi kuthubutu. Na nina kobe mwingine mdogo, kwa sasa nimewatenganisha, je ni sawa kuja kuwachanganya au mzee abaki peke yake? Natanguliza shukrani jamani, huyu mzee nampenda sana.