Tupeane uzoefu: Uliomba koti Uturuki, ukaletewa nini?

Mchuuzi wa Msimbazi
Wakuu, habari za saa hizi. Leo kaingia mama dukani anatafuta "koti". Namuuliza la aina gani, ananijibu koti tu la baridi, mtoto kapangiwa shule Makete. Nikacheka, maana hilo neno lilishanitoa jasho Laleli.

Waliofika Istanbul kufuata mzigo wanapajua. Unashuka kwenye tramu, unaingia mitaa ya nyuma, maduka ya jumla yamebanana, vibao vingi Kirusi. Kijana wa mlangoni anakuita "abla" ukiwa mwanamke, "abi" ukiwa mwanaume, na chai inakuja kwenye kigilasi kabla hujasema shida yako. Nikasema koti. Akafurahi, "Kot! Var, var!", yaani zipo, akaninyanyulia jinzi. Nikasema hapana, koti. Akaleta jinzi nyeusi. Nikajishika mabega nimwonyeshe linapovaliwa. Akaleta jaketi la jinzi.

Kumbe kule kot ndiyo jinzi! Na Mwingereza naye koti lake analitamka karibu hivyohivyo, kwa hiyo Kiingereza chako hakikuokoi. Halafu koti lenyewe tunalolijua sisi, Waturuki wamelikatakata majina hata hujui uanzie wapi. Yaliyowakuta njooni muyamwage hapa, kuna watu wanasafiri karibuni.

Dada wa Eastleigh
Hiyo ya kot imenipata pia. Mimi nililetewa mpaka sketi ya jinzi.

Mama Robota
Ngojeni niseme langu, roho bado inauma.

Mimi msimu ule sikusafiri, niliagiza kwa simu kwenye duka ambalo nilishachukua magauni. Wateja wangu wa Njombe, Mafinga na Mbeya wanaanza kuulizia nguo nzito mapema, kabla Juni haijaingia. Nikamwandikia muuzaji nataka jacket za kike za baridi. Akajibu, "Ceket, tamam abla." Sasa herufi yao c inasomwa j. Ukisikia sauti aliyonitumia anasema "jeket", mimi nasema "jaketi", tunaelewana vizuri kabisa! Nikachagua rangi, tukakubaliana seri. Kwa wasiojua, seri ni fungu la saizi zinazofuatana, tuseme 36, 38, 40 na 42, hawakuuzii moja moja. Pesa ikaenda. Watu wa kago wakachukua, wakafunga, wakasafirisha.

Mzigo umefika Kariakoo, nimekaa chini na wasichana wangu wawili, tumekata kamba za robota la kwanza. Natoa nailoni naona bluu iliyokoza. Nakunjua. Mabega yana sponji, vifungo vya dhahabu, ndani bitana nyepesi inateleza kama shati la ndani. Makoti ya suti! Ya ofisini! Nikasema labda wamechanganya robota moja. Tukakata la pili, ni hayohayo, sasa rangi ya maziwa. La tatu sikufungua siku hiyo, niliwaambia wasichana wafunge duka.

Niambieni, nani anavaa koti la suti kwenye ukungu wa Makete saa kumi na mbili asubuhi akienda shamba la viazi? Niliyapeleka kwa wadada wa maofisini, mengine kwa wasimamizi wa harusi, nikauza kwa bei ya kutoa uchungu. Baridi ikapita sina hata jaketi moja la kuning'iniza. Nilipomlalamikia akasema mimi ndiye niliyekubali ceket.

Kijana wa Tabata
Pole sana mama. Hapo kwenye robota la pili nimeumia na mimi.

Mzee wa Konteina
Mama Robota, pole, ila muuzaji hana kosa. Kwao ceket ni koti la suti tangu zamani. Ulitaka mont, ndiyo jaketi la baridi.

Mama Robota
Shikamoo mzee. Niliandika "za baridi". Mfanyabiashara wa jumla anayeuza kwa nchi za watu anajua koti la suti si la baridi. Angeniuliza tu.

Mzee wa Konteina
Marahaba. Istanbul nayo ina theluji, na watu wanavaa ceket ndani ya palto, koti refu la juu. Kwake yeye "la baridi" angeweza kudhani ni kitambaa kizito.

Mama Robota
Ile bitana ya kuteleza nayo ilikuwa nzito?

Dada wa Eastleigh
Mzee, hapo umeshikwa.

Msomi wa Eskişehir
Naomba niweke sawa, nimesoma huku na nimekaa na marafiki wa Kituruki nyumba moja. Kosa letu ni kutafuta neno moja. Mturuki hatazami kama ni koti au si koti, anatazama limefika wapi mwilini na kitambaa gani. Linaloishia kiunoni au kwenye nyonga, lenye zipu, la kuvaa kila siku, hilo ni mont. Likijazwa manyoya au sponji likavimba wanaliita şişme mont, na herufi hiyo yenye kimkia isomeni sh. Likiwa zito na linafika mapajani, kaban. Refu la sufu mpaka magotini au chini yake, lile wanalovaa wazee wenye heshima zao, palto. La kike la kutokea, lenye mkato, manto. La mvua ni yağmurluk, yağmur ni mvua yenyewe. Ceket inabaki kwa koti la suti, ila ukitanguliza kot ikawa kot ceket, hapo ni jaketi la jinzi, na deri ceket ni la ngozi. Hii ndiyo inayowachanganya wengi, wanasikia ceket ya ngozi wanadhani kila jaketi ni ceket.

Mengi ya maneno haya hata si ya kwao, waliyachukua kwa Wafaransa: ceket, palto, manto, pardösü. Kot yenyewe ni jina la ukoo wa mtu, Muhteşem Kot, mshonaji aliyetengeneza jinzi Istanbul. Jina la biashara yake likageuka jina la jinzi zote, kama sisi tunavyoita dawa yoyote ya meno Colgate.

Kijana wa Tabata
Hiyo ya jina la mtu sikubali. Kot imetoka kwenye "cotton", pamba kwa Kiingereza, iko wazi.

Msomi wa Eskişehir
Muulize Mturuki yeyote mtu mzima akuambie.

Kijana wa Tabata
Watu wazima nao wanatunga.

Ngosha wa Erzurum
Acheni kubishana juu ya jinzi. Mimi neno hili nusura linipotezee pasipoti.

Nilifika Erzurum kwa udhamini, bado niko mwaka wa lugha pale TÖMER, kituo cha kufundishia wageni Kituruki. Erzurum iko juu, karibu mita 1,900, na baridi ya Januari inashuka chini ya nyuzi 20 hasi. Ukipumua puani unasikia vinyweleo vimeganda. Mwenyeji wangu alikuwa amenipeleka sokoni nikanunua koti jeusi, zito, la mapajani. Jina lake sikuuliza, koti ni koti.

Ijumaa moja nikaenda msikitini, nikalitundika kwenye vigingi vya mlangoni, maana ndani kuna joto. Mfuko wa ndani ulikuwa na pasipoti, nilitoka nayo kufuatilia kibali cha ukaazi. Namaliza kuswali, natoka, kigingi kitupu. Miguu iliisha nguvu. Nje theluji inaanguka, mimi nina sweta.

Nikamfuata mtunza msikiti, nikamwambia kwa Kituruki changu cha darasani, "Ceketim yok", jaketi langu halipo. Masikini yule mzee alihangaika! Akawauliza watu, akapekua makabati ya viatu, akainama mpaka chini ya ngazi. Anatafuta koti la suti. Mzee mwingine akavua palto lake akanivalisha mabegani, akatembea nami mpaka karakol, kituo cha polisi, yeye mwenyewe amebaki na fulana nzito. Askari akaandika: ceket nyeusi, pasipoti ndani.

Nikawa silali. Niliona nimerudishwa nyumbani kabla hata sijaanza masomo yenyewe. Na kila nikienda kuswali namuuliza mtunza msikiti, ceket? Anatikisa kichwa kwa huruma. Halafu sikilizeni hapa. Baada ya swala anasimama anatangaza kwamba kuna kaban limeokotwa, mwenyewe ajitokeze. Mimi nimekaa safu ya pili. Nasikia kaban, nasema huyo aliyepoteza kaban ana bahati.

Ni yule mwenzangu wa chumbani aliyenisindikiza siku moja, akasikia tangazo, akanigeukia: wewe si umeibiwa kaban? Nikamwambia nimeibiwa ceket. Akanishika mkono akanivuta mpaka chumba cha mtunza msikiti. Koti langu lile pale nyuma ya mlango. Mzee mmoja alilichukua akidhani ni lake, yalifanana, akalirudisha jioni ileile ya Ijumaa. Pasipoti iko mfukoni vilevile. Mtunza msikiti alinikumbatia huku anajipiga kifuani, anarudia kaban, kaban.

Dada wa Eastleigh
Ngosha! Nimesoma nimeshika kifua.

Mama Robota
Mwanangu, huyo mzee aliyekuvalisha palto ulimpata tena?

Ngosha wa Erzurum
Nilimpata mama, nilimrudishia palto lake nikiwa na mwenzangu wa kunitafsiria. Alinialika chakula kwao.

Mchuuzi wa Msimbazi
Wanaosafiri sikieni: pasipoti haikai kwenye koti. Iacheni hotelini, tembeeni na nakala.

Mzee wa Konteina
Nakala ya nini? Polisi wakikusimamisha wanataka halisi. Vaa mkoba wa kiunoni ndani ya shati.

Mchuuzi wa Msimbazi
Na ukiibiwa mkoba wa kiunoni?

Mzee wa Konteina
Uibiwe kiunoni usisikie?

Fundi wa Mkono wa Pili
Mimi ni fundi rangi, nipo Izmir. Hata rangi ya ukuta ina koti kwa Kiingereza, sisi tunasema mkono wa kwanza, mkono wa pili. Mturuki anasema kat. Tajiri aliniambia "iki kat", mbili. Sasa kat hiyohiyo ni ghorofa, na nyumba ilikuwa ya ghorofa. Nikapaka ghorofa mbili mkono mmoja mmoja, yeye alitaka mikono miwili. Tulizozana mpaka jirani akatoka kutuamulia.

Mfamasia Mdogo
Kwenye maboksi yao ya dawa utaona "film kaplı tablet". Ni kidonge kilichovikwa utando wa nje, hicho usikivunje bila kuuliza. Na koti letu jeupe la hospitali ni önlük, neno hilohilo la aproni ya jikoni. Tulipoambiwa tukanunue önlük, mwenzangu mmoja alirudi na ya kupikia, ina maua.

Bint Darajani
Assalam alaykum. Hamjaieleza pardösü na ndiyo inayotuhusu sisi. Ni vazi refu la juu wanalovaa wanawake wa kule wanaojistiri, lina vifungo mbele na kola. Kwetu Unguja linauzika, hasa kwa wanaokwenda nchi za baridi. Msilichanganye na ferace, hiyo inapwaya, inakaribia baibui.

Mzee wa Konteina
Pardösü ni koti jepesi la kiume la majira ya kati, dada. Nimeliona kwa wanaume.

Bint Darajani
Wanaume wanalo, sikatai. Lakini ingia leo duka la jumla useme pardösü tu, uone utaletewa la nani.

Msomi wa Eskişehir
Wote mko sawa, ila dukani Bint Darajani ndiye atakayehudumiwa haraka. Kuna kisa chao cha Nasreddin Hoca, ndugu wa hadithi zetu za Abunuwasi. Alikwenda karamuni na nguo kuukuu, hakuna aliyemtazama. Akarudi kwao akavaa kürk, koti la manyoya, akakaribishwa mpaka meza kuu. Akaanza kuingiza mkono wa koti kwenye mchuzi, "Ye kürküm ye", kula koti langu kula. Msemo huo wanautumia mpaka leo mtu akiheshimiwa kwa mavazi yake.

Kijana wa Tabata
Kwa hiyo mtu afanye nini? Mimi naona aende na picha kwenye simu, majina ya nini yote haya.

Mama Robota
Picha nilitumiwa na mimi! Koti limekunjwa kwenye nailoni, unaona kola tu.

Dada wa Eastleigh
Mimi nililipa mwanafunzi wa kwetu anayesoma huko, akazunguka nami Laleli na Merter. Hela yake ilirudi siku hiyohiyo.

Mzee wa Konteina
Mimi nasema makoti muyaache kabisa. Chukueni magauni. Kago ni kilo, na kaban moja ina uzito wa magauni mangapi? Waturuki wenyewe wana msemo, "astarı yüzünden pahalı", bitana imezidi bei ya nguo. Ndiyo kago ya makoti hiyo.

Mama Robota
Mzee, watu wa Makete wakavae magauni Julai? Mimi nitauza majaketi. Msomi, baba, niandikie kwa herufi zao ninakili nilivyo.

Msomi wa Eskişehir
Kadın şişme mont, kapüşonlu, kalın. La kike, la kuvimba, lenye kofia, zito. Ya watoto andika çocuk montu. Neno ceket usiliguse. Halafu mwambie apige video mtu amelivaa, anafunga zipu mpaka shingoni.

Mama Robota
Nimemtumia sasa hivi. Kajibu, "Kısa mı, uzun mu?"

Msomi wa Eskişehir
Anauliza fupi au refu. Mjibu kısa, marefu yatakula kilo.