Naomba ushauri: mama aseme nini kabla ya adhabu kutolewa?
Ndugu zangu, mdogo wangu alidungwa kisu Kayole, akafa. Mshtakiwa amepatikana na hatia ya mauaji hapa Mahakama Kuu, Milimani. Sasa tunangoja adhabu. Wakili alitueleza kuwa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Muruatetu, 2017, jaji halazimiki kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji. Anapima umri wa mkosaji, majuto yake, jinsi alivyotenda, hata muda aliokaa rumande. Hilo la rumande limemuuma mama sana.

Afisa wa probesheni anakuja kuchukua maelezo ya familia. Mama hana maneno, analia tu. Mliopitia haya, jaji huyapa maelezo hayo uzito? Nimwandikie, au asimame aseme mwenyewe?